Niliacha Soda, Ini Likajaa Mafuta

"Dada, mimi sukari nimeacha kabisa, natumia asali na juisi tu. Mbona naambiwa ini langu lina mafuta?" Ujumbe huu wa msomaji wa Likoni umeniingia juzi usiku, na usingizi ukanipaa.

Maana yalinikuta mimi. Soda nilikuwa nimeshaipiga marufuku nyumbani, najiona mshindi. Lakini kila alasiri nikitoka kazini lazima nipite kwa muuza miwa, Mji wa Kale, Mombasa. Anausukuma mua kwenye mashine, anaukunja, anaurudisha na tangawizi na ndimu katikati, mpaka yabaki makapi makavu. Glasi mbili kubwa, kila siku, karibu miaka mitatu. Sikuongeza hata kijiko cha sukari, nikaamini niko salama.

Nilipopigwa picha ya tumbo, swali la kwanza la daktari lilikuwa: "Unakunywa pombe?" Mimi, niliyelelewa Kibokoni, chuoni kwa Kurani kila asubuhi! Mpaka leo swali lile linaniuma. Lakini alikuwa na sababu ya kuuliza: ini langu lilikuwa limejaa mafuta, kama linavyoweza kuwa la mnywaji pombe.

Sukari ya mua ni sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, zilizoshikana nusu kwa nusu. Glukosi hutumiwa na mwili mzima. Kongosho hutoa insulini, homoni inayosaidia mwili kuichukua sukari kutoka kwenye damu, misuli huchukua fungu lake, ubongo lake, na nyingine huwekwa akiba. Fruktosi haiiti insulini kwa nguvu hiyo. Ikiwa kidogo, utumbo mdogo huimaliza sehemu kubwa. Ikija kwa wingi na kwa haraka, mzigo hulifikia ini. Na humo ndani glukosi ina lango linalofungwa nishati ikitosha. Fruktosi hulizunguka lango hilo, inavunjwa tu, na ziada hugeuzwa mafuta. Asidi ya yuriki nayo hupanda, ile iletayo jongo, ugonjwa wa viungo kuuma na kuvimba.

Asali pia, dada yangu. Mara nyingi fruktosi yake huizidi glukosi.

Basi tafuna, usinywe. Embe la kutafuna lina nyuzinyuzi, linakwenda polepole, na ukila moja umetosheka. Kwenye glasi yanaingia matatu hujasikia kitu. Tafuna! Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza, ya asali na ya juisi ikishuka hadi vijiko 6 vya chai kwa siku ni bora zaidi. Glasi moja tu ya miwa huweza kuvuka hapo.

Miezi minane nimevumilia, na wiki iliyopita picha imetoka safi. Alhamdulillahi, nililia pale pale kwenye benchi. Nawe wa Likoni, kesho mahamri yako yateremshe kwa chai ya rangi, iliki tu, bila asali. Ijumaa niandikie umefikia wapi.