Usiifute Kabla Hujajua ni Plastiki Gani

Wanaoanza kazi ya kuhifadhi sanaa ya kisasa hukimbilia kitambaa. Kiweke chini kwanza. Plastiki mbili zinaweza kufanana kwa macho, lakini kinachoponya moja kikaiua nyingine.

Chukua PVC laini. Ulaini wake unatokana na vilainishi, mafuta yaliyochanganywa nayo kiwandani, na miaka ikipita mafuta hayo hupanda juu. Utaona inang'aa, ukiigusa inanata, vumbi limeganda. Ukiifuta mara kwa mara, unaondoa kilainishi chenyewe na kukipa kingine nafasi ya kutoka. Ukiitia kwenye mfuko wa polithini, mfuko nao unanyonya, na kazi inazidi kukauka na kusinyaa. PVC hutulia ndani ya kioo kilichozibwa, mahali pa baridi.

Selulosi asiteti na selulosi naitreti, plastiki nyingine mbili, ni kinyume kabisa. Ukizifungia, asidi zinazotoa zinabaki humo humo na kuharakisha uharibifu. Zinataka hewa ipite, au mkaa maalumu wa kunyonya gesi. Asiteti hunuka siki, ila usingoje pua ikuambie: weka karatasi ya kupimia asidi kando yake, ile inayotoka bluu kwenda kijani hadi njano. Naitreti hula vyuma vilivyo jirani, nayo hushika moto upesi, kwa hiyo itenge. Mchongaji sanamu Naum Gabo alitumia plastiki za aina hii tangu miaka ya 1920. Kazi yake ya koni mbili iliharibika vibaya.

Sponji za poliyurethani ndizo zinazonisumbua zaidi. Piero Gilardi, Mwitaliano, alichonga mazulia ya sponji yenye mawe na matunda, ukiyaona unadhani umefika shambani. Sponji ya aina ya esta huvunjwa na unyevu. Ya etha huvunjwa na mwanga na oksijeni. Mwisho wa zote mbili ni unga kwenye glavu zako. Kwa hiyo taa hafifu kwa ya etha, hewa kavu kwa ya esta, na usiinyanyue peke yako kwa kushika ukingo.

Msanii akiwa hai, mpigie simu mapema. Muulize alinunua wapi, alitumia gundi gani, na kama rangi ikigeuka njano ataridhika au atataka kipande kibadilishwe. Andika majibu siku hiyo hiyo, uyaweke kwenye faili la kazi.