Maswali ya Wasomaji: Sanamu Kati ya Minazi

SWALI: Kwako Mwalimu, salaam nyingi. Nina shamba la minazi la ekari nne hapa Kaole, Bagamoyo, nililorithi kwa marehemu baba, na upande wake wa mashariki unateremka hadi kwenye mikoko. Nakusudia kutenga sehemu yake iwe mahali pa kuonyeshea sanamu kubwa za nje, zichongwe na vijana waliohitimu masomo ya sanaa hapa mjini. Mchongaji mmoja amekwisha kunitajia bei ya sanamu kumi na mbili za mpingo. Shemeji yangu, kwa upande wake, ananionya kwamba nitawaudhi majirani nikisimamisha masanamu ya watu kwenye njia wanayopita kwenda msikitini. Nianzie wapi? — Mwenye shamba, Kaole.

JIBU: Ndugu yangu, usilipe bado. Mchongaji aliyekutajia bei ya sanamu kumi na mbili kabla hajalizunguka shamba lako anakuuzia vitu ambavyo vingependeza zaidi juu ya meza ya sebuleni. Sanamu ya nje hutafutiwa mahali kwanza ndipo ichongwe, kwa kuwa nusu ya kazi yake hufanywa na vilivyoizunguka: mwanga wa asubuhi na wa jioni, umbali anaotokea mtazamaji, upepo, na kile kinachoonekana nyuma yake.

Ushahidi uko mlangoni pako. Nenda kwenye magofu ya Kaole jua linapoanza kulala, ukayatazame yale makaburi ya nguzo yaliyo karibu na msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13. Nguzo imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, haina sura ya mtu wala ya mnyama, na bado mtu akiiona kwa mbali hupunguza mwendo. Ukisogea, pale chokaa ilipobanduka utaona jiwe lenyewe, lina alama za nyotanyota zilizoachwa na matumbawe yaliyokuwa hai zamani. Wenzetu wa Tanga wana makaburi ya namna hiyo mengi zaidi kule Tongoni, ingawa nguzo nyingi zimeanguka. Waliozijenga hawakuziita sanamu, lakini walijua mahali pa kuzisimamisha.

Hapo shemeji yako anapata nusu ya jibu lake. Nusu ya pili si yangu kuitoa, kwa sababu mimi si shekhe. Nenda kwa imamu wa msikiti wanaouendea majirani zako ukamweleze nia yako kabla ya kazi kuanza, wala usingoje aisikie barazani. Ninachoweza kusema mimi ni kwamba sanamu ya nje hailazimiki kuwa umbo la kiumbe. Andy Goldsworthy, msanii wa Uingereza, alijenga katika bustani ya Storm King, jimbo la New York, mwaka 1997 na 1998, ukuta wa mawe yaliyookotwa pale pale, wenye urefu wa karibu mita 700. Ukuta huo unajipinda kati ya shina na shina kama nyoka anayekwepa miti, unaingia bwawani na kutokea ng'ambo ya pili. Ni mawe matupu, na ni sanamu. Mwashi wa Kaole anayejua kupanga mawe ya matumbawe ya nchi kavu angeweza kuelewana na mtu huyo bila mkalimani.

Kuhusu uhusiano wa sanamu na mahali pake, tazama pia yaliyovipata vigango vya Wagiriama wa pwani ya Kenya. Hivyo ni vigogo vilivyochongwa kwa ajili ya kuwakumbuka wazee wa heshima, navyo husimamishwa nje na kuachwa vinyeshewe na kupigwa jua mpaka viishe vyenyewe. Wezi waliving'oa, vikauzwa hadi Marekani, na baadhi ya makumbusho ya huko yamevirudisha. Ndani ya kabati la kioo kigango hakiozi, lakini hapo hakimkumbushi mtu yeyote babu yake. Wazaramo nao walikuwa na nguzo za makaburi zenye umbo la mwana hiti, yaani mwanasesere wa mbao wa kimila, na hao ni watu wa pwani yetu hii.

Sasa nirudi shambani kwako. Minazi mirefu hufika mita 20 na zaidi, kwa hiyo sanamu ya kimo cha mtu ikiwekwa katikati ya safu za minazi itaonekana kama kisiki kilichosahauliwa. Ama uisogeze mahali pa wazi, ama uijenge iwe ndefu kweli kweli, ama uilaze chini ifuate mteremko. Kabla ya kuamua, funga fito kwa kamba, uzifunike magunia upate kimo na upana unaokusudia, kisha uziache pale kwa wiki nzima huku ukizitazama alfajiri, adhuhuri na magharibi. Gharama yake ni ndogo, na wengi waliofanya hivyo waliihamisha sanamu yao hata kabla haijachongwa. Usiweke kitu wala benchi la wageni chini ya mnazi unaozaa. Nazi ikidondoka haichagui kichwa.

Mpingo sikushauri. Kiini chake ni kigumu na mchwa hawakipendi, lakini jua la moja kwa moja hukipasua, na ile ngozi nyeupe ya nje huliwa upesi. Zaidi ya hayo, mpingo hukua taratibu mno, na gogo lake nene lililonyooka ni adimu, ndiyo maana uzuri wa kazi ya Wamakonde uko katika vitu vya kushikwa mkononi na kuzungushwa. Kwa kazi ya nje tafuta mvule au mkongo, ambao wenzetu wa Lamu huuita mbambakofi. Usiuchimbie ardhini, uinue juu ya msingi wa jiwe ili mchwa wakipanda uione njia yao ya udongo. Mafundi majahazi hupaka mbao mafuta ya sifa, yaani ya papa, nayo hufaa, ila wageni wako wataziba pua kwa muda.

Ukichagua zege, kuwa mwangalifu kupita kiasi. Niliwahi kumwona twiga wa zege katika bustani ya hoteli moja ya pwani, hoteli ambayo sitaitaja, goti lake limepasuka kama muhogo uliochemka, na ndani nondo imevimba kwa kutu hadi imesukuma saruji nje. Chumvi ya upepo wa bahari ilikuwa imefanya sehemu ya kazi; sehemu iliyobaki ilifanywa na fundi aliyetumia mchanga wa ufukweni na kuifunika nondo kwa saruji nyembamba kama chapati. Tumia mchanga wa mtoni na maji yasiyo na chumvi, na nondo ifunikwe kwa zege lisilopungua sentimita 5 kila upande. Shaba nyeusi ndiyo inayostahimili hewa yetu kuliko vyote, kama inavyoonyesha sanamu ya Askari iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927, ila bei yake nadhani itakurudisha kwenye mvule.

Anza na sanamu mbili au tatu, si kumi na mbili, na umlipe kila mchongaji siku chache za kukaa tu shambani kabla hajagusa tezo wala patasi.

SWALI: Mwalimu, nimesoma kwamba huko Uingereza zipo sanamu zinazofunikwa na bahari maji yanapojaa. Je, tunaweza kufanya hivyo ufukweni Bagamoyo? — Mwanafunzi wa sanaa, Bagamoyo.

JIBU: Umesoma sawasawa. Ni sanamu 100 za chuma za Antony Gormley, mchongaji wa Uingereza, zilizotawanywa katika ufukwe wa Crosby, karibu na Liverpool, tangu mwaka 2005. Zote zinatazama baharini. Maji yakijaa nyingine huzama kabisa, na yakipwa huonekana zimevaa magamba ya wale wadudu wanaong'ang'ania matumbo ya vyombo.

Kwetu yapo mambo mawili ya kushughulikia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, kwa hiyo kibali ni lazima, na mikoko haiguswi. Jambo la pili ni wavuvi: chuma kilichosimama chini ya maji usiku kinaweza kutoboa ngalawa na kuchana nyavu, na atakayelaumiwa ni wewe. Nakushauri uanze na kitu kisichodumu. Okota magogo yaliyoletwa na mawimbi, uyapange kwenye tope maji yanapokupwa sana wakati wa bamvua, upige picha kila baada ya robo saa hadi maji yalifikie gogo la mwisho, kisha uyavute nchi kavu kwa kamba kabla hayajaelea na kuingia kwenye njia ya vyombo. Chukua na mwenzako. Gogo lililolowa maji ya chumvi ni zito kuliko unavyodhani.