Lidia na askari wa gereza: imani ni kipawa au wajibu?

Mpendwa, umeuliza: kama imani ni kipawa cha Mungu (Waefeso 2:8), kwa nini asiyeamini alaumiwe? Soma Matendo 16 yote kwa mkupuo mmoja. Pale Filipi, kando ya mto, Lidia muuza rangi ya zambarau anamsikiliza Paulo, na Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anasema Bwana ndiye aliyeufungua moyo wake. Sura hiyohiyo, usiku, askari wa gereza anauliza afanye nini apate kuokoka. Paulo na Sila, waliofungwa humo baada ya kupigwa, hawamwambii asubiri kufunguliwa moyo. Wanamwamuru: "Mwamini Bwana Yesu." Na saa ileile ya usiku yule askari akawaosha majeraha yao.

Luka hakuona mgongano hapo, nami siuoni. Mungu ndiye anayeanza. Ila haamini kwa niaba yetu. Mtaguso wa Orange, yaani mkutano wa maaskofu katika Ufaransa ya leo, mwaka 529, ulisema hata ile hamu ya kwanza ya kuamini hutokana na neema. Wafuasi wa Calvin na wa Arminius, wanatheolojia wawili wa Kiprotestanti, walikuja kubishana vikali kama neema hiyo yaweza kukataliwa. Mimi naamini yaweza, maana Stefano aliwaambia wazee wa baraza kwamba wanampinga Roho Mtakatifu (Matendo 7:51).

Kinachoniuma ni mgonjwa kuambiwa hakupona kwa sababu imani yake ni ndogo. Yule baba wa Marko 9:24 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu akamponya mtoto wake. Kama na wewe umeambiwa hivyo, omba kama alivyoomba yeye.