Nauziwa Mauser ya Mjerumani kwa bei mbili: nichukue ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Columbus, Ohio, huu mwaka wa saba, na nina kadi ya kijani. Bibi yangu wa Pangani alikuwa akitusimulia habari za babu yake aliyekuwa askari wa Mjerumani, na tangu utotoni nina hamu ya kumiliki bunduki kama aliyoibeba. Nimepata maduka mawili yanayouza Mauser K98k. La kwanza linataka dola 700 na limeandika "ngawira ya Warusi", picha ishirini. La pili linataka dola 1,900, "namba zote zinalingana, ililetwa na askari wa Kimarekani kutoka vitani", picha nne tu. Je, tofauti hiyo ya bei ni ya haki? Nitajuaje kama sidanganywi? Na nikishainunua naweza kuipiga?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze kwa kukuharibia hadithi kidogo, kisha tuingie kwenye biashara.

K98k, bunduki ya jeshi la Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilianza kutumika mwaka 1935. Babu yake bibi hakuwahi kuiona. Vita vilipofika Tanga, Novemba 1914, kampuni nyingi za askari zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, inayotumia baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu jeupe linapanda juu ya kichaka na adui anajua ulipo. Baada ya Waingereza kushindwa pale na kuacha silaha zao ufukweni ndipo baadhi ya kampuni zikapata bunduki za kisasa, na nyingine zikaja Aprili 1915 na meli Rubens, ile iliyojifanya ya Kidenmaki na kuishia kuungua ghuba ya Manza. Kwa hiyo kama unatafuta kitu cha babu, tafuta modeli ya 71, au Gewehr 98 ndefu ya mtutu wa milimita 740. Kama unaitaka K98k kwa kuwa ni K98k, endelea kusoma.

Sasa bei. Hizo mbili ni bidhaa mbili tofauti ingawa zimetoka mashine moja. Warusi waliokota bunduki za Wajerumani kwa mafungu makubwa. Walizifungua zote, vyuma vikatupwa kwenye masanduku kwa aina yake, bolti (chuma kinachosukuma risasi na kufunga nyuma ya mtutu) huku, vifuniko vya magazini kule, vikasafishwa na kuunganishwa upya bila kujali nani ni wa nani. Ndiyo maana namba hazilingani. Kwenye risiva, yaani kile chuma kinachobeba bolti, mara nyingi utaona X iliyogongwa. Kwenye bolti namba ya zamani imepigwa mstari, na pembeni yake wamechora namba ya risiva kwa kalamu ya umeme, mwandiko mwembamba unaotetemeka kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Mbao zimepakwa vanishi nzito ya rangi ya chungwa. Ufito wa kusafishia mara nyingi haupo.

Hakuna aibu hapo, mradi muuzaji amesema hivyo. Zilihifadhiwa zikiwa zimelowekwa kwenye grisi, na nyingi mtutu wake bado ni mzuri. Mwenye picha ishirini ameandika "ngawira ya Warusi" na anauza ngawira ya Warusi. Mimi huyo simtilii shaka.

Wa dola 1,900 ndiye wa kumhoji. Bei yake inaweza kuwa halali kabisa kama maneno yake ni kweli, kwa sababu anachokuuzia hasa ni zile namba. Kiwanda kiligonga namba ya bunduki, tarakimu zisizozidi nne na mara nyingi herufi moja, kwenye risiva na mtutu. Kisha kikairudia, nzima au tarakimu mbili za mwisho, kwenye bolti, sefti (kizuizi cha kufyatua), kilengeo, pete za mtutu, kinga ya kifyatulio, kifuniko cha magazini na bamba la kitako, hadi ndani ya mfereji wa mbao pale mtutu unapolala. Juu ya risiva kuna alama ya kiwanda na mwaka: "byf" ni Mauser ya Oberndorf, "bnz" ni Steyr kule Austria, "dot" ni Brno, "bcd" ni Gustloff ya Weimar, "ce" ni Sauer ya Suhl. Kuelekea mwisho wa vita, kazi ikiwa ya haraka, vyuma vidogo viliacha kupigwa namba. Kwa hiyo ya mwaka 1945 isiyo na namba kwenye pete si kosa; ya mwaka 1939 ikiwa hivyo, kuna jambo.

Mwaka juzi mteja aliniletea moja, byf 43, aliyoinunua kama "zote zinalingana". Kwa macho ilikuwa nzuri mno. Nikaweka bolti chini ya lenzi. Pale penye namba uso wa chuma ulikuwa umezama kidogo kuliko pembeni, kama sahani iliyoliwa katikati, na chini ya 1 ya pili kulikuwa na mkia wa 7 ya zamani uliokataa kufutika. Mtu alikuwa amepiga tupa, akagonga namba mpya. Mteja akakaa kimya, halafu akaniuliza kama ningeweza kukosea. Nikampa lenzi atazame mwenyewe. Duka lililomuuzia, silitaji, lilikataa kuirudisha kwa kuwa siku tatu za ukaguzi zilishapita.

Kwa hiyo mwandikie huyo wa pili na umwombe picha ya kila namba, moja moja, kwa karibu, mwanga ukitoka ubavuni. Mwombe aitoe bunduki kwenye mbao na kupiga picha ya mfereji. Akisema hana muda wa kufungua bunduki ya dola 1,900, amekujibu tayari.

Halafu kuna ile hadithi ya askari wa Kimarekani, na hii ina kipimo chake. Tangu sheria ya bunduki ya mwaka 1968, kila bunduki inayoingizwa Marekani kibiashara lazima igongwe jina la mwingizaji na mji wake. Maandishi hayo huwa madogo, aghalabu chini ya mtutu karibu na mdomo wake au kwenye risiva. Ukiyaona hayo, hadithi ya askari imekufa hapo hapo, kwa sababu aliyeibeba begani mwaka 1945 hakupitia kwa mwingizaji. Usipoyaona, hadithi inawezekana lakini haijathibitika: ziko zilizoingia kibiashara kabla ya 1968, na wako wanaoyasugua yakafutika.

Muulize pia kama mbao imekatwa chini ya pete ya mtutu. Askari wengi waliikata kwa msumeno hapo ili bunduki iingie kwenye mfuko wao wa turubai. Wauzaji wengine huuficha mkato huo kwa gundi kana kwamba ni ugonjwa. Mimi nikiuona moyo unatulia: umepunguza thamani, ndiyo, lakini ni shahidi ambaye si rahisi kumnunua. Shahidi mzuri zaidi ni karatasi ya kibali cha ngawira iliyosainiwa na kamanda wake, hasa ikiwa na namba ya bunduki.

Mbao nazo zitazame. Nyingi ni za matabaka membamba ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi. Ikipigwa msasa, mistari yake hujitokeza kama ngozi ya pundamilia, na mbao inakuwa chini ya chuma badala ya kusimama juu yake kidogo. Msasa ukishapita, ile mihuri ya tai kwenye mbao imekwenda na hairudi.

Ukikutana na ya tatu yenye nembo ya Yugoslavia, jua ziko za namna mbili. Ziko K98k za Kijerumani zilizotengenezwa upya kule Kragujevac na kufutwa alama, na iko M48, waliyoiunda wenyewe baada ya vita, yenye risiva fupi kidogo. Vyuma vya hiyo M48 vingi haviingiliani na vya Mjerumani. Ni bunduki nzuri, lakini asikuuzie kwa bei ya Oberndorf.

Kuhusu kupiga, hapa sitaki mchezo. K98k ya kawaida inakula risasi ya 7.92x57. Lakini Wanorwe walizibadilisha baadhi kuwa .30-06, na Waisraeli wakazibadilisha nyingi kuwa 7.62x51, namba 7.62 ikachomwa kwenye kitako. Zote kwa mbali ni Mauser ile ile. Ukiilisha risasi isiyo yake unaweza kupoteza jicho. Na ukishawishika na Gewehr 88, bunduki ya Kijerumani ya zamani zaidi, kwa sababu ni ya bei nafuu, ujue mtutu wake wa asili ulikuwa wa risasi nyembamba zaidi. Usiweke kitu ndani kabla fundi hajaupima.

Hata ikiwa 7.92 halisi, ipeleke kwa fundi aingize geji (vipimo vya chuma) mbili: moja ambayo bolti lazima ifunge juu yake, nyingine ambayo haipaswi kufunga. Kazi ya dakika kumi. Kwa ile ya Warusi ni lazima, maana bolti yake ilizaliwa na bunduki nyingine. Ukinunua risasi za akiba za zamani za Yugoslavia, Romania au Uturuki, fataki zake (viwashio vya baruti) huacha chumvi ndani ya mtutu, na mafuta hayayeyushi chumvi. Siku hiyo hiyo pitisha maji ya moto, kausha, ndipo upake mafuta. Wewe mtu wa Pangani huhitaji kuelezwa chumvi inavyokula bati.

Sheria kwa kifupi. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, kwa hiyo usimnunulie binamu aliye hapa kwa viza ya masomo. Duka halitakutumia nyumbani: litaituma kwa muuzaji mwenye leseni karibu nawe, ujaze Fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia bunduki, ukaguliwe kwenye mfumo wa FBI. Kuwa na namba yako ya uhamiaji mkononi. Ukiona utanunua zaidi ya moja, omba ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha, leseni ya mkusanyaji, dola 30 kwa miaka mitatu, kuanzia umri wa miaka 21. Hiyo inakuruhusu kupokea mlangoni bunduki za kale zilizozidi miaka 50 zikiwa katika hali yake ya asili, mradi uweke daftari la kila iliyoingia na kutoka. Iliyokatwakatwa kuwa ya kuwindia inaweza isihesabike. Majimbo yana masharti yake, kwa hiyo ukihama Ohio uliza upya. Na kama una wazo la kumpelekea ndugu Tanga kama zawadi, liache.

Ningekuwa wewe, ningechukua ya dola 700 leo, nikajifunzia kwayo alama na namba hadi vidole vizizoee. Ile ya pili ningeisubirisha. Akikutumia picha ya bolti, nitumie na mimi kabla hujalipa.