Wakili Anajibu: Kiwango ni cha Wote, Hataza Ina Mwenyewe

Barua za wasomaji juu ya hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake ("patent"), zimeongezeka tangu tulipogusia kesi za makampuni ya simu, na nyingi zinazunguka jambo moja: inakuwaje mtu ashtakiwe kwa kufuata kiwango cha kiufundi ambacho kila mtu analazimika kukifuata? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imebeba karibu kila kitu.

*Ndugu Wakili, mimi na wenzangu tunatengeneza vifaa vya kufuatilia magari na pikipiki katika karakana yetu ya Industrial Area. Ndani ya kila kifaa tunatia moduli ya 4G tunayoinunua kwa muuzaji halali, tena kwa risiti. Sasa tumepata mteja Ujerumani, na kabla hatujasafirisha shehena ya kwanza tumepokea barua ya kampuni moja ya ng'ambo inayodai kuwa vifaa vyetu vinatumia hataza zake, hivyo tulipe mrabaha, yaani ada ya kutumia uvumbuzi wake, kwa kila kifaa. Moduli tumekwisha kuilipia. Je, hatulipishwi mara mbili? – Mtengenezaji, Industrial Area*

Huenda mnalipishwa mara mbili, na huenda hamjalipa hata mara moja. Jibu limo katika mikataba ya aliyewauzia moduli, wala risiti yenu peke yake haiwezi kulitoa.

Teknolojia ya 4G haikubuniwa na kampuni moja. Ilitoka katika 3GPP, ushirikiano ulioanzishwa mwaka 1998, ambamo wahandisi wa makampuni yanayoshindana sokoni huleta mapendekezo, huyajadili kwa miezi, na hatimaye huchagua moja kwa kila shughuli: namna simu inavyojitambulisha kwa mnara, namna inavyogawana masafa na simu nyingine, namna mazungumzo yanavyopokezwa gari linapotoka eneo la mnara mmoja na kuingia la mwingine. Pendekezo likishapitishwa, kila mtengenezaji hana budi kulifuata, la sivyo kifaa chake hakitaelewana na mtandao. Ikiwa pendekezo hilo limelindwa kwa hataza, mwenye hataza anakuwa kama mwenye shamba linalopitiwa na njia pekee ya kwenda mtoni. Angeweza kudai chochote.

Ndiyo maana mashirika ya viwango humtaka atoe ahadi mapema. ETSI, shirika la Ulaya lenye makao yake Sophia Antipolis, Ufaransa, huwataka wanachama watangaze hataza wanazodhani ni za lazima kwa kiwango na waahidi kutoa leseni kwa masharti ya haki, ya kadiri na yasiyobagua, ahadi inayojulikana duniani kwa herufi FRAND. Ahadi hiyo ni nzuri, lakini ina mapengo mawili yanayowalisha mawakili. Kwanza, ETSI haikagui kama hataza iliyotangazwa ni ya lazima kweli au hata kama ni halali. Kampuni hujitangazia yenyewe, na mara nyingi hutangaza zaidi ya inavyostahili. Pili, shirika halitaji bei. Limeacha neno "kadiri" lining'inie, na mahakama ndizo zinazoitwa kulishusha.

Sasa tuje kwenye moduli yenu. Kanuni ya jumla ni kwamba mwenye hataza akishauza bidhaa, au akimruhusu mwingine aiuze, haki yake juu ya bidhaa hiyo imekwisha. Hapa Kenya kanuni hiyo imo katika kifungu cha 58 cha Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001, na inahusu bidhaa zilizouzwa Kenya au nchi nyingine yoyote na mwenye hataza, au kwa idhini yake ya wazi. Angalieni maneno hayo, "idhini ya wazi". Ikiwa mtengenezaji wa moduli au wa chipu iliyomo ndani yake ana leseni ya kampuni iliyowaandikia, mna hoja nzito. Shida ni kwamba wenye hataza wengi hawapendi kumpa leseni mtengenezaji wa chipu. Humngoja mtengenezaji wa kifaa kamili, kwa sababu mrabaha unaopimwa kwa bei ya kifaa ni mnono kuliko unaopimwa kwa bei ya chipu.

Jambo hili lilipiganiwa kwa ukali baina ya Nokia na Daimler, watengenezaji wa magari ya Mercedes. Daimler ilisema Nokia iende ikatoe leseni kwa wauzaji wa vipuri vya mawasiliano, wala isilifuate gari zima. Agosti 2020 mahakama ya Mannheim, Ujerumani, iliipa Nokia amri ya zuio, yaani ya kusimamisha mauzo. Novemba mwaka huohuo mahakama ya Düsseldorf, kwa upande wake, ililipeleka suala hilo katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ikiuliza kama mwenye hataza anaruhusiwa kumchagua wa kumpa leseni. Wengi wetu tulilisubiri jibu hilo kwa hamu. Halikuja: Juni 2021 pande mbili zilipatana, na swali likaondoka pamoja na kesi. Kwa hiyo hoja yenu ni ya heshima, lakini msiitegemee peke yake kule Ujerumani.

Nasema Ujerumani kwa makusudi, kwa maana hataza haivuki mpaka. Hataza iliyosajiliwa Ujerumani haiwagusi mnapouza Nairobi, na iliyosajiliwa Kenya haiwazuii kuuza Berlin. Mahakama za Ujerumani zinajulikana kwa kutoa amri ya zuio haraka, na amri hiyo humwumiza mfanyabiashara kuliko fidia. Mwaka 2022, baada ya Nokia kushinda Mannheim, Oppo na OnePlus ziliacha kuuza simu zao Ujerumani, na hawakuyamaliza na Nokia mpaka Januari 2024. Hesabuni wenyewe kama karakana yenu ingehimili kufungiwa soko kwa muda kama huo.

Hata hivyo, sheria ya Ulaya haimwachi mwenye hataza huru kabisa. Katika kesi ya Huawei dhidi ya ZTE, iliyoamuliwa tarehe 16 Julai 2015, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipanga hatua za kufuatwa. Mwenye hataza akumbushe kwanza kwa maandishi, akitaja hataza ipi na imekiukwa vipi. Mtumiaji aseme kwamba yuko tayari kuchukua leseni. Mwenye hataza alete ofa iliyoandikwa, yenye kiasi cha mrabaha na namna ulivyopigiwa hesabu. Mtumiaji ajibu bila kuzungushazungusha, na kama hakubali alete ofa yake mwenyewe. Ofa hiyo ikikataliwa, aweke dhamana. Katika yote hayo kosa linalowaponza watu wetu ni kunyamaza. Barua inatiwa kwenye droo kwa kuwa "hao wako mbali", na miezi baadaye mahakama inasoma kimya hicho kama kukataa.

Kwa hiyo jibuni. Ombeni namba za hataza, nchi zilikosajiliwa, na jedwali linaloonyesha kila dai la hataza linalingana na kifungu gani cha kiwango. Kampuni yenye kesi ya kweli huwa nalo tayari. Semeni mko radhi kuchukua leseni ya masharti ya FRAND kwa kitakachothibitika. Siku hiyohiyo mwandikieni aliyewauzia moduli, mumtake aseme ana leseni za nani, na kama mkataba wake unawakinga na madai ya namna hii. Mteja wenu wa Ujerumani, ambaye naye anaweza kushtakiwa kwa kuingiza vifaa nchini mwake, atawataka mumkinge yeye. Msitie sahihi kinga hiyo kabla hamjapata yenu.

*Mheshimiwa Wakili, mahakama hupataje bei ya "kadiri"? Kila hukumu ninayoisoma inatoa tarakimu tofauti. – Mwanafunzi wa sheria, Parklands*

Tarakimu hutofautiana kwa sababu hata njia ni mbili. Ya kwanza ni kutazama leseni zinazofanana, yaani wengine walilipa kiasi gani kwa hataza hizohizo au zinazokaribiana nazo. Ya pili ni kuanzia juu: kukadiria mrabaha wote ambao kifaa kinaweza kubeba kwa kiwango chote, kisha kumkatia kila mwenye hataza fungu linalolingana na mchango wake.

Kesi ninayoshauri uanze nayo ni ya Microsoft dhidi ya Motorola. Mwaka 2010 Motorola ilidai asilimia 2.25 ya bei ya kila bidhaa, ikiwa ni pamoja na Xbox, kwa hataza zake za kiwango cha video cha H.264 na za Wi-Fi. Jaji James Robart wa Seattle, Marekani, alisikiliza ushahidi na mwaka 2013 akaandika hukumu ndefu iliyoweka mrabaha wa senti 0.555 kwa kila kifaa kwa H.264, na senti 3.471 kwa kila Xbox kwa Wi-Fi. Kwa kifaa cha dola 200, asilimia 2.25 ni dola nne na nusu. Linganisha hapo. Baadaye mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama liliona Motorola imevunja ahadi yake, na Microsoft ikatuzwa dola milioni 14.5. Mahakama ya Rufaa iliyathibitisha yote mwaka 2015. Kwangu thamani ya hukumu hiyo iko katika msingi wake zaidi ya tarakimu: ahadi iliyotolewa kwa shirika la viwango ni mkataba, na Microsoft, ambayo ni mtumiaji tu wa kiwango, iliweza kuudai utekelezwe.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Katika kesi ya Unwired Planet dhidi ya Huawei, Mahakama ya Juu iliamua Agosti 2020 kwamba mahakama ya Uingereza inaweza kupanga masharti ya leseni ya dunia nzima, na kumzuia kuuza Uingereza asiyeikubali. Binafsi naona hapo mahakama ya nchi moja imejitwisha mzigo wa dunia, na nchi zenye soko la bei nafuu kama letu hazikuulizwa neno. India nayo haiko nyuma: Machi 2024 Mahakama Kuu ya Delhi iliiamuru Lava, kampuni ya simu ya huko, iilipe Ericsson rupia bilioni 2.44. Maamuzi ya nje hayalifungi Jopo letu la Haki Miliki za Viwandani, lakini ya Uingereza na India husomwa hapa kwa heshima, kwa hiyo usiyaache unapoandika tasnifu yako.

*Wakili, nauza simu Luthuli Avenue. Nimesikia Qualcomm iliishtaki kampuni ya Tecno, Infinix na itel kule India. Simu zitapanda bei? Na mimi muuzaji naweza kushtakiwa? – Mfanyabiashara, Luthuli*

Ni kweli, kesi dhidi ya Transsion, inayomiliki chapa hizo tatu, ilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Delhi mwaka 2024. Kesi ya Delhi haifungi duka la Nairobi.

Kuhusu bei, makampuni mengine yametangaza viwango vyao hadharani. Ericsson ilisema mwaka 2017 kwamba itatoza dola 5 kwa simu ya 5G, na kushuka hadi dola 2.50 kwa simu za bei ya chini. Nokia ikafuata mwaka 2018 na kikomo cha euro 3. Tuchukulie dola ni shilingi 130: dola 2.50 ni shilingi 325. Kwa simu ya shilingi 20,000 kiasi hicho si cha kutisha, ila hao ni wenye hataza wachache tu kati ya wengi, na mrabaha wa kiasi maalumu humlemea anayeuza simu rahisi kuliko anayeuza ya shilingi 150,000. Ugomvi wa chapa zinazouza Afrika na wenye hataza umesimama hasa hapo.

Ama wewe: sheria yetu inahesabu kuuza na kuweka bidhaa akiba kwa ajili ya kuuza kuwa matendo ya mwenye hataza peke yake, kwa hiyo kwa maandishi unaweza kushtakiwa ikiwa hataza ina nguvu Kenya. Kwa kawaida wenye hataza humfuata mtengenezaji, kwa sababu ndiye mwenye hesabu za vifaa vyote. Tunza ankara za unakonunulia.

*Wakili, kifaa changu kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Hiyo si kinga tosha? Na kama si kinga, je, nikisubiri hataza zimalizike? – Msomaji, Ngara*

Si kinga. Mamlaka hupima kama kifaa ni salama na kinafuata viwango. Haiulizi nani anamiliki hataza zilizomo.

Kusubiri, kwa upande mwingine, si wazo la kuchekwa. Hataza hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Hataza ya Wi-Fi ya CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, iliyowaletea mamia ya mamilioni ya dola za kwao kutokana na kesi na mapatano, ilikwisha mwaka 2013. GSM ilianza kutumika mwaka 1991, na hataza zake za mwanzo zimekufa zamani, hivyo kifaa cha 2G pekee kina madai machache sana ya kuogopa. Toleo la kwanza la 4G lilikamilishwa mwishoni mwa 2008, kwa hiyo hataza zake za awali zinaanza kufikia ukingoni miaka hii, ingawa maboresho ya baadaye yana hataza changa zaidi. Anayetaka tarehe kamili aombe taarifa za daftari KIPI, taasisi ya mali ya viwandani ya Kenya, na kwa hataza zilizopitia ARIPO, shirika la mali miliki la kanda ya Afrika, aulize Harare, kwa sababu hataza huweza kufa mapema mwenyewe asipolipa ada ya kila mwaka, na barua ya madai haitakwambia hivyo.