Usiku wa baridi wanalala wapi? Kwa anayeanza kubuni watu wa asili ya joka

Watu-joka wangu wa kwanza walikuwa na mabawa, walitema moto, walipenda dhahabu na waliithamini vita kuliko uhai wao. Niliandika juu yao kurasa zaidi ya 40: majina ya wafalme, nyimbo za jando, panga, koo saba na bendera zake. Msomaji mmoja aliyezisoma zote kwa uvumilivu akaniuliza swali moja tu: "Usiku wa baridi wanalala wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa na swali lile siku kadhaa, na kila nilipojaribu kulijibu, ukurasa mmoja wa zile 40 ulianguka. Niliwavisha magamba watu wa kawaida, basi. Ukiwavua magamba yale, hakuna kilichobadilika: wanaamka saa zile zile, wanakula kiasi kile kile, wanazaa na kulea kama sisi, wanagombana kama sisi. Nilianza upya, safari hii kutoka kwenye mwili, na mila nyingi zikaja zenyewe nikizifuata. Ndiyo njia ninayokuomba uijaribu.

Kabla ya mwili, angalia jina. Neno "joka" ni nyoka aliyekuzwa: unaondoa ny-, unaweka j-, neno linahamia ngeli nyingine, na papo hapo kiumbe kinapoteza nafsi. Ukiandika "majoka yalishuka bondeni", msomaji amekwisha kuyaogopa kabla hujamwambia yamefuata nini. Andika "Wataghari walishuka bondeni", naye atasubiri kusikia wana haja gani. Taghari ndilo jina nililowapa wangu. Sasa msimulizi wangu huwaita Wataghari na hutumia wa- kila mahali, na "majoka yale" hubaki mdomoni mwa adui zao. Upatanisho wa sarufi peke yake unamwonyesha msomaji nani anamchukia nani.

Sasa joto, maana hapa ndipo penye utajiri wote.

Wanyama watambaao hawazalishi joto la mwili kama sisi. Wanalitafuta nje, juani au kwenye mwamba uliopata moto. Faida yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Reptilia huhitaji takriban sehemu ya kumi ya chakula anachohitaji mamalia wa uzito ule ule, na mamba mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Fikiria hiyo ina maana gani kwa mji mzima. Ghala dogo linalisha watu wengi. Kuzingirwa na maadui miezi mitatu si balaa. Kinachowaua ni wingu. Wiki mbili za mawingu mazito na baridi, mji unalala: chakula kipo ghalani, ila mwili uliopoa hauwezi hata kukiyeyusha tumboni.

Gharama yake nayo iandike bila huruma. Alfajiri watu hawa ni wazito. Wana nguvu za ghafla lakini hawana pumzi ya mwendo mrefu, kwa hiyo jeshi lao haliwezi kutembea usiku kucha na kupigana asubuhi. Mimi nilikuwa nimewapa mashambulizi matatu ya alfajiri. Nikayafuta yote, nikawapa adui zao. Kutoka hapo ilizaliwa sheria ambayo hadi leo naipenda: kwa Wataghari, kumpiga mtu kabla jua halijamfikia ni mauaji hata kama mko vitani, na shauri haliamuliwi mpaka kivuli cha nguzo ya baraza kiwe kifupi kuliko nguzo yenyewe. Sikukaa kitako nikaibuni sheria hiyo. Niliuliza tu mwili unaogopa nini.

Nikalijibu na lile swali la msomaji wangu. Nyumba ya Mtaghari ina bamba moja pana la jiwe upande wa magharibi, pasipo na paa. Mchana kutwa bamba linakunywa jua. Jioni wanaliburutia pazia la ngozi na kulala juu yake, jamaa wote, mkia juu ya mkia, wazee katikati. Salamu yao ya asubuhi, ukiitafsiri, ni "Limekufika?", yaani jua, na anayesalimiwa hujibu "Limenifika" au hanyanyuki. Tusi kubwa kuliko yote si neno. Ni kusimama mahali ambapo kivuli chako kitamwangukia mwenzako.

Kama hutaki watu wako wapoe kabisa, asili imekuwekea njia za katikati. Chatu jike wa baadhi ya aina huzingira mayai yake na kutetemesha misuli ili kuyapasha joto. Mjusi aitwaye tegu, wa Amerika Kusini, katika majira ya kuzaana huweza kuupandisha mwili wake hadi nyuzi 10 juu ya joto la mahali alipo. Unaweza kuwapa watu wako miezi michache ya namna hiyo kila mwaka, miezi ambayo wanakula mara nyingi, hawalali mapema, na kila ugomvi wa zamani unafufuka. Hapo una msimu wa ndoa na msimu wa vita kwa pamoja, na sababu yake ni moja.

Mabawa na moto sitavikalia sana, ingawa najua ndivyo vilivyokuleta. Wanyama wote wa nchi kavu wenye uti wa mgongo wametokana na mababu wa miguu minne. Mikono miwili, miguu miwili na mabawa mawili ni viungo sita, kwa hiyo lazima uwe na maelezo. Kuna mjusi wa Asia aitwaye Draco anayetandaza ngozi juu ya mbavu zake ndefu na kuteleza angani kutoka mti hadi mti, bila mikono wala miguu yake kugeuka mabawa. Mbavu ni jibu zuri. Halafu pima uzito. Albatrosi, mwenye mabawa marefu kuliko ndege wote walio hai, hufikisha kama mita 3.5 kutoka ncha hadi ncha, naye ana kilo kumi hivi tu. Galileo alikwisha kueleza mwaka 1638 kwamba kitu kikikua, uzito unakimbia mbele ya nguvu: rudufisha urefu, nguvu ya mfupa inazidi mara nne, uzito mara nane. Kuhusu moto, mtazame mbawakawa mmoja anayechanganya kemikali mbili tumboni na kurusha maji yanayokaribia kuchemka, au swila anayetema sumu umbali unaopita mita 2. Wangu wanatema, hawawashi. Wewe unaweza kuchagua uchawi, na uchawi ni halali kabisa katika fantasia, mradi ujue ni wapi umeutumia na mtumiaji analipa nini.

Mayai ndiyo yaliyonifundisha siasa.

Kwa mamba, yai halina jinsia linapotagwa. Joto la mchanga ndilo linaloamua: nyuzi 32 au 33 hivi hutoa madume wengi, na likishuka au likipanda mbali na hapo hutoka majike. Weka jambo hilo katika jamii yenye akili na lugha, na utaona mara moja nani mwenye madaraka. Si mfalme. Ni yule anayejua kufukia yai kina gani. Niliwaita wakunga wa mchanga. Mkunga huja kiotani jua likichwa, anapiga magoti, anachomeka taya zima mchangani na kukaa kimya, ulimi ukipima joto, kisha anaongeza kiganja kimoja cha mchanga au anaondoa. Hata hilo lina mfano duniani: Australia kuna ndege anayefukia mayai yake kwenye kichuguu cha mchanga na majani yanayooza, akipima joto kwa mdomo na kurekebisha kila siku.

Jambo la pili: yai la mamba likishakaa siku moja au mbili, kijusi hujishika kwenye ganda. Ukiligeuza, huenda umekiua. Maana yake ni kwamba watu hawa hawawezi kukimbia. Mji ukivamiwa katika miezi ya mayai, mtu anachagua kati ya kubaki na kizazi kijacho au kuokoka peke yake. Niliposoma habari hiyo niliacha kuandika jioni nzima. Kisa changu kilikuwa na vita vitano. Nikaviacha, nikaandika kimoja, cha mwezi wa mayai.

Na kabla ya kuanguliwa watoto hulia wakiwa ndani ya ganda, mama anawasikia, anafukua, anawabeba kinywani hadi majini. Kinywa kile kile kinachovunja mifupa ya pundamilia. Picha hiyo isipite bure mikononi mwako. Lakini usidhani kila reptilia analea: joka la Komodo, ambalo kwa kweli ni kenge mkubwa, halilei, na watoto wake hukimbilia mitini wasiliwe na wakubwa. Una uwanja mpana wa kuchagua. Na kwa kuwa hakuna anayenyonyesha, wachoraji wapya, nawasihi, msiwape wanawake wao matiti.

Mwili huo ukishausimamisha, pitia lugha yako. Kiswahili kimejaa miili ya watu walionyonya na kutokwa jasho, nasi hatuoni. "Ndugu wa tumbo moja" haiwezekani. Wao ni ndugu wa kiota kimoja. Hawasemi mahali kitovu kilipozikwa, watasema mahali ganda lilipopasukia. Hawali kwa jasho lao, kwa sababu hawana jasho. Mamba akizidiwa na joto hukaa kinywa wazi. Basi kinywa kilichopanuliwa, meno yote nje, kwao ni mtu anayepumzika. Mgeni atakimbia, naye mwenye nyumba hataelewa kwa nini.

Kwa upande mwingine, "kujivua gamba" tunakusema kwa mafumbo, lakini kwao ni jambo la mwili. Nyoka akikaribia kujivua, macho yake hufifia kama yameingiwa na maziwa, haoni vizuri na anakuwa mkali. Wataghari hawapokei ushahidi wa mtu aliye katika siku za macho meupe. Deni huandikwa kwa wino kwenye gamba la bega la kushoto, na gamba likitoka deni limekwisha, kwa hiyo mkopeshaji mwerevu humtazama mtu ngozi kabla ya kumtazama mali. Haya yalitoka kwenye jambo moja tu nililolijua kuhusu nyoka.

Nililofurahia kuliko yote ni midomo. Mamba hana midomo laini ya kukutanisha, na uso wenye pua ndefu na meno yaliyopangana nje hauwezi kutoa p, b, m, f, v wala w. Chukua kalamu uorodheshe maneno yetu ya adabu: tafadhali, samahani, naomba, karibu, hujambo, shikamoo, marahaba. Yote yanadai midomo! Mtaghari anayejifunza lugha ya jirani zake anaweza kusema "asante" vizuri kabisa, lakini "naomba" inamshinda. Akitaka kusema "nimekuja kuomba maji", kilicho ndani ya uwezo wake ni "nina kiu". Majirani wanamwona hana adabu, mtu wa kuamrisha. Karne mbili za chuki katika ulimwengu wangu zimesimama juu ya midomo. Na jina lao wenyewe hulitamka Taghari. Lile Wa- wanaongezewa na wengine.

Usifanye kosa langu la mwisho, la kudhani mwili mmoja huzaa mila moja. Wanaoishi pwani yenye joto hawana haja ya bamba, hulala mmoja mmoja, na huwaona wa milimani kama watoto wanaong'ang'aniana. Wakunga wa koo mbili wanaweza kubishana hadi kuuana juu ya kina cha kufukia yai. Mwili unauliza swali, lakini kila watu wana majibu yao. Tena usichukue mila za watu halisi walio hai ukazibandika magamba. Watajitambua, na itawauma kwa haki.

Ukianza, usianze na ramani wala nasaba ya wafalme. Chukua mtu mmoja umwandikie siku moja, toka jua halijamfikia hadi linapomwacha. Amelala wapi, nini kimemwamsha, anahisi nini kwanza, ulimi wake umeonja nini hewani, anamwogopa nani akiwa bado mzito. Mimi nilimwandikia bibi mmoja wa milimani. Jua lilikuwa likizama, bamba lake limepata moto vizuri, naye amejinyoosha juu yake kinywa wazi. Mtu akaita nje ya pazia: "Hodi!" Neno hilo bibi analiweza, ila jibu lake haliwezi. Basi akajivuta taratibu hadi ukingoni, upande ulioanza kupoa, akaacha pale katikati wazi.