Jibu: Nimeacha mafuta lakini trigliseraidi zimepanda

Pole sana ndugu. Umesema umeacha vya kukaanga miezi miwili sasa, LDL, ile kolesteroli mbaya, imeshuka kidogo ila trigliseraidi, yaani mafuta ya kwenye damu, ndo zimepanda, unauliza umekosea wapi. Mi naona kuacha mafuta hujakosea, shida ni ulichoweka mahali pake. Hiyo juisi unayokunywa glasi tatu kwa siku, hata kama umekamua mwenyewe matunda matupu, ni sukari inayoingia kwa mkupuo, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, sasa ini likizidiwa na sukari linaigeuza mafuta na kuyamwaga kwenye damu, hayo ndo trigliseraidi zenyewe, na pombe nayo hivohivo. Kula tunda zima, punguza mkate mweupe, ongeza maharage na oti, zile nyuzinyuzi zake laini zinashika nyongo tumboni zinatoka nayo, ini linalazimika kuchota kolesteroli kwenye damu litengeneze nyongo nyingine, ndo LDL inashuka. Samaki wenye mafuta usiwaogope, wanasaidia. Ila tafadhali sana, trigliseraidi zikifika 500 mg/dL usipambane na chakula peke yake, kongosho linaweza kuvimba, muone daktari haraka, na dawa aliyokupa usiiache.